Kijana wangu wa teno anapasuka sauti akifika noti ya G. Nimfundishe vipi?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa huku Umoja, Nairobi, na mwenyewe naimba soprano. Teno tunao wawili tu, na mmoja wao kila mara yuko safarini. Kuna kijana wa miaka 19 ambaye tangu ajiunge nasi alikuwa besi. Nimemhamishia teno kwa sababu chini hana nguvu: akishuka hadi A ya chini inatoka hewa tupu. Solfa anaijua, sikio lake ni zuri, na mstari wake haupotezi hata soprano wakimpigia kelele.

Shida iko juu. Hadi D hana neno. Kwenye E anainua kidevu. Kwenye F anapaza sauti hadi watu wanageuka kumtazama, na G inapasuka. Nikimwambia apunguze, anakimbilia falseto, ile sauti nyepesi ya juu isiyo na uzito wa kifua, nyembamba kiasi kwamba haisikiki hata safu ya pili. Mchana anauza mitumba soko la Gikomba na kazi yake ni kuita wateja. Tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi jioni na Jumamosi alasiri, na kufikia Jumapili usiku sauti yake imekauka kabisa.

Wazee wa kwaya wamemwambia anywe mayai mabichi, atafune tangawizi kwa ndimu, na "asukume kutoka tumboni". Anafanya yote hayo na hali ni ileile. Tuna wimbo wa Krismasi ambao teno inakaa kwenye E na F kwa mistari miwili na kugusa G mara mbili. Tumebakisha miezi mitatu. Nimfundishe vipi? Je, akipanda atumie falseto? Au nimrudishe besi kabla sijamharibia koo?

Mwalimu wa Kwaya, Umoja

JIBU

Mwalimu, usimrudishe besi, angalau si sasa. Kwa maelezo yako huyu ana dalili nyingi za teno, na noti zenyewe anazo: falseto yake inafika, na pale Gikomba anazipigia kelele kuanzia asubuhi. Kinachomshinda ni kupanda akiwa bado ameshikilia uzito wote wa sauti ya chini.

Kwanza tuelewane kuhusu noti. Kwenye kinanda chenye vitufe 61, C ya kati ni C ya tatu kutoka kushoto. D, E, F, G na A nitakazotaja bila maelezo zaidi ni zile zinazofuata juu yake. C ya pili kutoka kushoto nitaiita C ya chini.

Sasa hakikisha kweli ni teno. Wengi humpima mtu kwa noti ya juu kabisa anayoweza kuifikia, na kipimo hicho hudanganya, kwa sababu baritoni (sauti iliyo kati ya teno na besi) mwenye mapafu mazuri ataipigia G kelele na aipate. Tazama mahali sauti inapogeuka. Mwimbishe skeli kwa "a" kuanzia C ya chini, kwa sauti ya wastani, bila kumwelekeza lolote. Wewe simama ubavuni umtazame shingo. Andika noti ya kwanza inayomfanya aongeze nguvu au ainue kidevu, kisha ile ambayo hawezi tena kuendelea bila kubadilisha namna ya kuimba. Kwa teno mwepesi, geuzo la kwanza huwa karibu na D na la pili karibu na F shapu au G. Teno mzito yuko chini ya hapo kwa nusu toni au toni nzima. Baritoni hugeuka mapema zaidi, kwenye B iliyo chini ya C ya kati, kisha kwenye E. Huyu wako anainua kidevu E na kupasuka G, na A ya chini haina mwili. Hayo yanaelekea teno.

Rudia kipimo hicho siku tatu tofauti, jioni, na zisiwe siku za soko. Alfajiri usimpime, kwa sababu mtu akitoka usingizini sauti huwa nzito na utamwona besi ambaye hayupo. Akigeuka B na E siku zote tatu, basi una baritoni, na mstari unaokaa E na F utamtesa hata umfundishe vizuri namna gani. Tena kwa miaka 19 sauti ya mwanamume bado inaendelea kukomaa, kwa hiyo lolote utakaloamua leo liangalie upya baada ya mwaka.

Kwa nini inapasuka? Ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kilicho kooni, kuna misuli miwili mikuu inayoshindana. Mmoja hufupisha nyuzi za sauti na kuzinenepesha, na ndio unaotawala mtu anapozungumza au kuimba chini. Mwingine huzivuta ziwe ndefu na nyembamba, na ndio unaopandisha noti. Kwenye C ya kati nyuzi hukutana na kuachana karibu mara 262 kwa sekunde, kwenye G mara 392, na kwenye A mara 440. Kijana wako akifika D, msuli wa kuvuta unataka kuishika kazi lakini ule wa unene hauachilii. Nyuzi nene haziendi kasi hiyo bila hewa nyingi, basi anasukuma. Hewa ikizidi, misuli ya nje ya shingo inaingia kusaidia, zoloto linapanda, na kidevu kinalifuata. Kwenye G unene unaachilia ghafla, wote kwa mara moja, na ndipo mnaposikia mpasuko. Dawa yake ni kuachilia kidogokidogo, kuanzia C au D, ili kufikia F pasiwe na kitu kikubwa cha kuangusha.

Ndiyo maana lile neno "sukuma kutoka tumboni" lipigwe marufuku kwenye mazoezi yako. Wazee wana nia njema, lakini kijana mwenye tabia ya kusukuma akiambiwa asukume zaidi anakaza tumbo liwe jiwe, na tumbo likikaza hivyo koo nalo hufunga. Mfundishe kutoa hewa polepole. Aweke viganja kwenye mbavu za chini, avute pumzi kwa hesabu ya nne, mbavu zifunguke kwa pembeni na mabega yatulie. Kisha atoe "sss" laini, isiyopanda wala kushuka, kwa sekunde 12. Baada ya wiki chache atafika 20. Mbavu zikianguka kabla "sss" haijaisha, arudie kwa muda mfupi zaidi. Na asijaze mapafu hadi pomoni: hewa iliyojaa kupita kiasi hutafuta kutoka kwa nguvu, na noti ya juu haihitaji hewa nyingi kuliko ya kati.

Gikomba ndiko kwenye kazi kubwa kuliko zote. Wewe unakaa naye saa chache kwa wiki, soko linakaa naye siku nzima, na ule mwito wa "hamsini hamsini" ndio somo la kupiga F kwa nguvu za kifua, mdomo wazi na kidevu juu. Huwezi kumwambia aache riziki. Lakini zipo spika ndogo za kurekodi, zile zinazorudia bei kutwa nzima, na kibao cha bei kilichoandikwa kwa herufi kubwa nacho huita watu. Kama hana spika, apokezane kuita na jirani wa meza. Na kwenye matatu ya kurudi Umoja, muziki ukiwa juu, asipige simu wala gumzo. Kuzungumza juu ya kelele huchosha nyuzi bila mtu kujua. Siku ya mazoezi apate angalau nusu saa ya kunyamaza kabla hajafungua mdomo kuimba.

Mazoezi yenyewe yawe mafupi na ya mara kwa mara: dakika 10 asubuhi kwa mrija na midomo tu, dakika 15 jioni, siku tano kwa wiki. Saa nzima ya Jumamosi haiwezi kufidia siku nne za kukaa bure, na mtu anayejifunza kuachilia hulegea vizuri akiwa hajachoka.

Aanze na mrija. Chukua chupa ya nusu lita, tia maji theluthi, uingize mrija wenye upana wa milimita 5 au 6, ncha yake izame sentimita 2 hadi 3. Wa karatasi hulainika kabla hajamaliza, kwa hiyo tafuta wa plastiki au wa chuma unaooshwa. Aushike kwa midomo bila kuuma, atoe "u" ndani ya mrija na kuteleza taratibu kutoka C ya chini hadi G na kurudi. Mwambie abane pua ghafla katikati ya sauti: ikibadilika, hewa ilikuwa ikivujia puani. Halafu tazama mapovu. Yakitoka mfululizo, mambo ni mazuri. Yakiruka na kumwaga maji, anasukuma. Yakikatika anapofika E au F, koo limefunga pale. Faida ya mrija ni kwamba hewa iliyozuiliwa mdomoni hurudisha shinikizo kidogo nyuma, nyuzi zikakutana kwa ulaini bila kugongana. Dakika tatu zinatosha, na uzuri wake ni kwamba hawezi kupiga kelele hata akitaka.

Kisha midomo itetemeke kwa hewa, kama mtoto anayeigiza gari, kwa do re mi fa so fa mi re do. Do ya kwanza iwe C ya chini, mpandishe nusu toni kila mara. Do ikifika C ya kati, so yake ni G, na hapo usiende zaidi kwa mwezi wa kwanza. Midomo ikisimama katikati, shuka nusu toni mbili uanze upya. Usimwache aikazie.

Zoezi la tatu ndilo ningelipa muda mwingi kuliko yote, nalo linaanzia juu. Ulisema falseto yake ni nyembamba, basi hiyo ndiyo mali yako. Aanze kwenye A kwa "u" ndogo ya falseto na kushuka so fa mi re do hadi D. Karibu na F shapu au E atataka kuangukia sauti nzito. Mwambie acheleweshe. Abaki mwembamba hadi D, hata kama D hiyo inasikika ya kitoto. Rudia ukishusha nusu toni, hadi so iwe E na do yake iwe A iliyo chini ya C ya kati. Siku za kwanza utasikia kijisauti tu na kundi zima litacheka, kwa hiyo fanyeni wawili tu, mlango umefungwa. Baada ya wiki mbili au tatu noti za chini za zoezi huanza kupata mwili zenyewe bila kishindo cha kuhama, na mwili huo hupanda noti moja moja. Hicho ndicho unachokitafuta. Ukimharakisha aongeze nguvu kabla ya hapo, mnarudi mlikotoka.

La nne ni "ng'", ile ya mwanzo wa ng'ombe. Aishike sauti hiyo kwa do mi so mi do, do ikianzia F iliyo chini ya C ya kati na kupanda hadi B flati, ambako so ni F. Akifika so aifungue iwe "ng'o", kisha siku nyingine "ng'a", bila kuongeza sauti wakati wa kufungua. Hapa tumia kidole gumba. Akiweke chini ya kidevu, nyuma kidogo ya mfupa wa taya, mahali penye nyama laini. Akiwa kwenye C pabaki laini. Akipanda hadi E na pakawa pagumu na kusukuma kidole chini, shina la ulimi linabonyeza zoloto. Aimbe tena akiwa ameacha ncha ya ulimi iguse meno ya chini, na taya liwe limelegea kana kwamba amesahau kufunga mdomo. Kwa kidole kingine aguse kikoromeo: kinaweza kusogea kidogo, ila kisikimbie juu noti inapopanda. Asikibonyeze chini kwa makusudi pia, maana hapo hupata ile sauti ya kujifanya askofu.

Kuhusu falseto kwenye wimbo wenyewe: kwa noti laini kabisa, itumike bila aibu. Lakini haiwezi kukua. Kufikia wiki ya tano hivi mpime namna hii. Aanze "u" kwenye E, ndogo, aikuze kwa sekunde nne na kuirudisha kwa sekunde nne. Ikiruka katikati, ilikuwa falseto tupu, na mnarudi kwenye zoezi la kushuka. Ikikua bila kuruka, hata kidogo tu, tayari ana sauti ya kichwa, yaani nyepesi kama falseto lakini yenye mwili, anayoweza kuimbia kanisani. Pandisha zoezi hilo hadi F tu. G ingoje.

Baada ya pumzi, irabu ndizo zinazoamua. Mdomo ulioachama kwa "a" kwenye F ndio mdomo wa sokoni, na unaushikilia unene ule ule tunaotaka kuuachilia. Kwa hiyo "a" ibaki ya kawaida hadi D. Kwenye E mdomo uwe mrefu badala ya mpana na sauti isogee kuelekea "o" ya moto. Kwenye F na G iwe karibu "o" yenyewe. Kwa ndani ataona anaimba neno lingine, lakini aliye kwenye benchi bado atasikia "a", kwa kuwa konsonanti na silabi za jirani zinamwambia ni neno gani. Chukua "amezaliwa", na "za" ikiwa kwenye F: akiimba "za" ya mazungumzo atapiga kelele, akiimba kitu kilicho karibu na "zo" itapita. "E" isogee kidogo kuelekea "i". "I" isiminywe kwa meno, midomo ijiviringe kidogo. "O" iende upande wa "u". "U" ndiyo rahisi, basi mstari mgumu aujifunze kwanza wote kwa "u", halafu kwa "o", na maneno mwishoni kabisa.

Kuna desturi ya kuwaambia waimbaji watabasamu wanapopanda. Kwa soprano huenda inaleta uchangamfu, lakini kwa teno aliye kwenye F huvuta pembe za mdomo na kupandisha zoloto. Atabasamu kwa macho.

Konsonanti nazo zina msaada. Maneno yenye mb, nd, nj na ng humpa nafasi ya kuikamata noti kwa mguno kabla irabu haijafunguka, basi aifike F kwenye "m" ya "mb", asiitelezee kutoka chini. Neno linaloanza kwa irabu juu, mathalani "amani", ndilo hatari: wengi huligonga koo kama wanaokohoa. Aweke pumzi ndogo sana mbele yake, isiyosikika kama "h".

Na sasa wewe mwenyewe. G ya teno kwako soprano iko mahali pa kupumzikia, kwa hiyo unapomwonyesha unaiimba kwa raha na kushangaa anahangaika nini. Pia wanaume wengi wakimsikia mwanamke akiimba hushika oktava ya chini yake bila kufikiri, na atakupa G ya chini akidhani amepatia. Mpigie noti kwenye kinanda mahali inapolia kweli. Ikiwa nakala yenu ni ya stafu (noti zilizoandikwa kwenye mistari mitano), teno iliyoandikwa kwa alama ya G yenye 8 ndogo chini yake hulia oktava moja chini ya inavyoonekana. Kinachofaa kuigwa kutoka kwako ni ule wepesi. Imba G hiyohiyo kwa sauti ndogo ya kichwa, yeye aiige kwa "u". Mara nyingi hilo hufundisha kuliko maelezo. Umrekodi kwa simu, umbali wa mita moja, asikie tofauti, kwa sababu noti nyepesi iliyo sahihi humwonekea mwimbaji dhaifu kichwani mwake, na ile ya kelele humwonekea tamu.

Wimbo wa Krismasi sasa. Kinachomchosha zaidi si zile G mbili. Ni mistari miwili ya kukaa E na F, palepale panapogeuka. Mnapofanya mazoezi ya teno peke yao, shusheni wimbo toni nzima kwa wiki sita za mwanzo kwa kutumia kitufe cha kubadilisha ufunguo kwenye kinanda: E inakuwa D, F inakuwa E flati, G inakuwa F. Halafu pandisheni nusu toni, mkae wiki tatu, ndipo mrudi kwenye ufunguo wenyewe. Kwaya nzima msiishushe hivyo kabla ya kuwauliza besi wako wana nini huko chini. Ukiona hata siku ya mwisho wanateseka, nusu toni chini kwa wote si dhambi, labda kama ni mashindano na ufunguo umeamriwa.

Kwa mwezi wa kwanza, kwaya nzima ikiwa pamoja, azifungulie mdomo zile G bila kutoa sauti. Kina mama wawili wa alto wenye sauti ya chini waimbe na teno mistari hiyo miwili. Kwao E hadi G ni noti za kawaida na hakuna atakayejua nani ametoka wapi. Asisimame kando ya yule teno mwenzake ikiwa ana sauti ya radi, atashindana naye tu. Msimamishe mwisho wa safu upande wa alto. Watu watasema amepoteza sauti. Wajibu wewe, asijibu yeye. Baada ya miezi mitatu tarajia F ya kutegemewa na G inayokuja siku nzuri. Kuunganisha sauti ya kifua na ya kichwa kikamilifu ni kazi ya mwaka au zaidi, na anayekuahidi mapema ana dawa ya kuuza.

Tukitaja dawa: mayai mabichi yaachwe. Chakula na kinywaji hupita kwenye umio, na mtu akimeza njia ya hewa hufungwa, kwa hiyo yai, ndimu wala asali haigusi nyuzi za sauti. Yai bichi laweza kumletea kuhara, na tangawizi kali kwa ndimu tumboni mwa mtu mwenye kiungulia hupandisha asidi hadi kooni. Anywe maji kidogokidogo siku nzima, hasa Januari na Februari Nairobi inapokauka na vumbi la soko likiwa juu. Mvuke wa maji ya moto kwa dakika tano hadi kumi unafika pale dawa nyingine hazifiki, ila bakuli liwe mezani, si mapajani. Chakula cha usiku kiishe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Pipi kali za mentholi kabla ya kuimba zinatia ganzi, na koo lenye ganzi halimwambii linapoumia.

Kukauka Jumapili usiku kila wiki ni onyo. Mazoezi haya yakishika, kwa wiki tatu au nne hali hiyo inapaswa kupungua. Isipopungua, au kukwaruza kukiendelea zaidi ya wiki mbili mfululizo bila mafua, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo amwangalie nyuzi kwa kamera, maana kuita wateja kila siku kunaweza kuotesha vinundu juu yake. Na ikitokea anaimba au anaita mteja sauti ikakatika ghafla, na hasa kukiwa na maumivu, anyamaze saa hiyohiyo. Asinong'one pia, wengi hukaza koo wanaponong'ona. Siku inayofuata awe kwa daktari, na asimeze aspirini bila kuambiwa, kwa kuwa huongeza kuvuja damu.

Siku ya wimbo, aanze kujiandaa saa moja kabla: mrija dakika tatu, midomo dakika tano, kushuka kwa "u" mara chache, na mstari wenyewe mara moja kwa sauti ndogo. G asiijaribu nyuma ya kanisa mara kumi kuhakikisha ipo. Aiimbe mara moja kwa "u", kisha anywe maji aketi.